Mkasi na Brashi: Wahusika Waliotolewa katika Riwaya ya Kiwanda cha Chokoleti

Nilipokuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi wilayani Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda, tuliletewa maboksi ya vitabu vya msaada kutoka Uingereza. Ndani yake mlikuwa na nakala mbili za Charlie and the Chocolate Factory, riwaya ya watoto ya Roald Dahl. Moja ilikuwa mpya. Nyingine ilikuwa kuukuu, jalada limechanika na kurasa zimegeuka manjano. Mwalimu alisoma kwa sauti kutoka ile mpya, nasi tuliokaa dawati la mbele tukafuatisha katika ile ya zamani. Tulikwenda pamoja vizuri mpaka tulipofika mahali ambapo wafanyakazi wa kiwanda, akina Oompa-Loompa, wanaonekana kwa mara ya kwanza. Mwalimu akasoma kwamba wana ngozi nyeupe yenye wekundu wa waridi na nywele za kahawia ya dhahabu. Kitabu chetu kikasema ni mbilikimo weusi walioletwa kutoka msitu wa Afrika.

Mwenzangu akanyoosha mkono. "Mwalimu, chetu kinasema vingine." Mwalimu akaja, akasoma kimyakimya, akakifunga kitabu chetu na kukipeleka ofisini. Hakurudi nacho. Lakini darasa lilikuwa limekwisha kusikia. Tulikuwa na mwenzetu mmoja Mtwa, mtoto wa familia iliyokuwa ikiishi pembezoni mwa mashamba ya viazi ya watu wengine. Kuanzia mapumziko ya siku ile akaitwa Oompa-Loompa. Muhula uliofuata hakurudi shuleni. Sisemi kwamba alifukuzwa na kitabu. Njaa na ukosefu wa madaftari vilikuwa vinamfukuza tangu zamani. Ninasema tu kwamba mimi pia nilimwita hivyo.

Katika kozi zetu za fasihi tumezoea kumhakiki mhusika aliyemo kitabuni. Tunamwita mkuu au msaidizi, bapa au duara, tunaorodhesha sifa zake na umuhimu wake, tunapata alama. Mhusika aliyetolewa kabla kitabu hakijafika kwenye mtambo wa uchapaji, au aliyegeuzwa kati ya toleo moja na jingine, hana nafasi katika madaftari yetu. Makala hii inajaribu kumtafutia nafasi. Nitatumia riwaya hiyohiyo ya Dahl, iliyochapishwa kwanza Marekani mwaka 1964, kwa sababu historia ya mswada wake imefuatiliwa sana, na kwa sababu nina deni nayo.

Kwa ambaye hajaisoma: Charlie Bucket ni mtoto maskini anayeishi na wazazi wake pamoja na mabibi wawili na mababu wawili. Bwana Willy Wonka ana kiwanda cha chokoleti ambacho kwa miaka mingi hakuna mtu aliyeonekana akiingia wala kutoka. Anaficha tiketi tano za dhahabu ndani ya chokoleti zake, na watoto watano wanaozipata wanaruhusiwa kukitembelea. Wanne wanaponzwa na kasoro zao, mmoja baada ya mwingine. Charlie anabaki peke yake, na Wonka anamrithisha kiwanda.

Hoja yangu ni kwamba kutoa mhusika si tendo la aina moja. Katika riwaya hii moja yametendeka matatu. Kuna watoto waliotolewa kwa sababu hadithi haikuwahitaji. Kuna shujaa aliyebadilishwa rangi kwa sababu ilidhaniwa kwamba wanunuzi hawatamtaka. Na kuna kundi zima la watu ambalo halikutolewa, bali lilipakwa rangi nyingine huku kazi yake ikiachwa vilevile. La kwanza ni ufundi. La pili ni woga. La tatu ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu linafanana na haki lakini si haki.

Mkasi wa fundi

Nianze na mkasi usio na lawama. Kila mwandishi hutoa wahusika. Mfano unaojulikana sana katika fasihi ya watoto ni wa Lewis Carroll na kitabu chake cha pili kuhusu Alice, Through the Looking-Glass, kilichotoka mwishoni mwa 1871. Ndani ya mswada mlikuwa na nyigu mzee aliyevaa wigi, mnung'unikaji, mwenye maumivu ya mifupa, aliyekubali ushauri wa kunyoa nywele zake nzuri na kisha akachekwa na walewale waliomshauri. Juni 1870 mchoraji John Tenniel alimwandikia Carroll kumweleza kwamba sehemu ya nyigu haimvutii hata kidogo, na kwamba haoni jinsi ya kuichorea picha. Carroll akaitoa. Wasomaji hawakuiona kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka kurasa zake za majaribio zilipojitokeza katika mnada wa London mwaka 1974. Zilichapishwa mwaka 1977.

Je, Tenniel alikosea? Sidhani. Kipande cha nyigu kingekuja mara baada ya Alice kuagana na Shujaa Mweupe, mzee mwingine mwenye huzuni anayeanguka kila mara kutoka kwenye farasi wake. Wazee wawili wa kusikitisha wakifuatana, wa pili angempunguzia wa kwanza uzito. Nyigu alitolewa kwa sababu kazi yake ilikuwa imekwisha kufanywa na mwingine. Huo ni uamuzi wa fundi cherehani: kitambaa kimezidi, kinakatwa, na vazi linakaa vizuri zaidi.

Dahl alikuwa na kitambaa kingi zaidi. Katika rasimu zake za mwanzo watoto waliozuru kiwanda walikuwa wengi kuliko watano. Baadhi yao tunawajua kwa majina. Wilbur Rice na Tommy Troutbeck walipanda bila ruhusa magari yaliyobeba vipande vya mlima wa peremende laini, yakawapeleka moja kwa moja kwenye chumba cha kukatia. Sura yao ilichapishwa katika gazeti la Guardian mwaka 2014, riwaya ilipotimiza miaka 50. Mwingine ni Miranda Piker, binti wa mwalimu mkuu, mtoto anayependa shule kupita kiasi. Wonka anapowaonyesha unga unaomfanya mtoto atokwe na madoadoa mekundu ili asiende shuleni, Miranda na baba yake wanawaka hasira na kukimbilia kuivunja mashine. Sura yake ilitolewa kando katika jarida la watoto mwaka 1973.

Nikiwasoma watoto hawa ninaona sababu ya kuachwa kwao. Wanne waliobaki wana kasoro zilizo wazi na zinazotofautiana: Augustus Gloop ni mlafi, Veruca Salt amedekezwa, Violet Beauregarde hawezi kuacha kutafuna chingamu, Mike Teavee amezama katika televisheni. Kila adhabu imetoka ndani ya kasoro yenyewe: mlafi anavutwa na bomba la chokoleti, mtafunaji anavimba kama tunda. Wilbur na Tommy hawana kasoro ya kwao. Ni watoto watukutu tu, tena wawili wanaofanana. Miranda ana tatizo jingine. Kosa lake ni kupenda shule. Msomaji mtoto atacheka, lakini mizani ya hadithi itayumba, kwa sababu hadithi inayowaadhibu walafi na wenye kudeka haiwezi, bila kujipinga, kumwadhibu mwenye bidii.

Tuliokulia kwenye hadithi za bibi jioni tunaijua kanuni hii bila kufundishwa. Tukio linarudiwa mara tatu, labda nne, kisha mambo yanageuka. Bibi akilirudia mara kumi watoto wanalala. Dahl alipunguza ili watoto wasilale. Tena tuangalie jambo hili: waliotolewa kwa sababu za ufundi walipata njia ya kurudi. Miranda alipata jarida lake, Wilbur na Tommy wakapata gazeti lao. Hakuna aliyeogopa kuwaonyesha.

Woga wa muuzaji

Mhusika wa pili ana habari tofauti. Mwaka 2017 Felicity Dahl, mjane wa mwandishi, alieleza katika mahojiano ya redio ya BBC kwamba Charlie wa kwanza aliyeandikwa na mumewe alikuwa mtoto mweusi. Donald Sturrock, aliyeandika wasifu wa Dahl, akaongeza kwamba wakala wa mwandishi ndiye aliyeona kuwa shujaa mweusi si wazo zuri. Hofu yake ilikuwa kwamba watu wangeuliza kwa nini.

Katika rasimu hiyo, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kitu kama Mtoto wa Chokoleti wa Charlie, mtoto huyo anaingia ndani ya kalibu kubwa ya kutengenezea sanamu za chokoleti. Kalibu inafungwa, naye anafunikwa chokoleti akiwa hai. Anachukuliwa kama sanamu hadi nyumbani kwa Wonka, awe zawadi ya Pasaka kwa mwanawe. Usiku wezi wanavunja nyumba. Charlie, akiwa ndani ya ganda lake, anawaona na kusaidia wakamatwe. Shukrani ya Wonka ni kumpa duka lake mwenyewe la chokoleti.

Sitaki kuipamba rasimu hiyo. Kumfananisha mtu mweusi na chokoleti ni mzaha wa zamani, na hauchekeshi. Pengine ingetoka ilivyo, leo tungekuwa tunaandika makala ya kuilalamikia. Lakini tuangalie yaliyokuwemo. Mtoto mweusi ana jina. Kitendo kinachofungua fundo la hadithi ni chake. Ulimwengu unamfungia ndani ya umbo ambalo si lake, na watu wanaomtazama wanaona chokoleti tu, lakini ndani ya umbo hilo yuko macho, anaona, anafikiri, anatenda. Si mimi wa kwanza kuisoma kalibu hiyo namna hii. Mhakiki wa Marekani Catherine Keyser amekwisha kuieleza kama picha ya dhana zilizoganda juu ya mtu mweusi. Ninachoongeza ni kwamba mtoto aliyeshinda kalibu ndani ya hadithi alishindwa na kalibu nje ya hadithi.

Tulinganishe sababu mbili za kutoa. Tenniel alimwambia Carroll kuwa sura haimvutii. Alikuwa anaizungumzia sura. Wakala alisema watu watauliza. Alikuwa anawazungumzia wanunuzi. Swali la kwanza ni la hadithi, na mwandishi anaweza kulijibu kwa kuandika vizuri zaidi. Swali la pili halina jibu la kiuandishi. Hata Dahl angemwandika mtoto yule kwa ustadi wote duniani, bado angekuwa mweusi, na bado watu wangeuliza.

Brashi

Sasa nije kwenye ile nakala kuukuu. Charlie mweusi alipotoka, Waafrika hawakuisha kitabuni. Katika toleo la 1964 walikuwemo kwa mamia, lakini si kama shujaa. Ni mbilikimo ambao Wonka anasema aliwakuta katika msitu wa Afrika wakiishi juu ya miti, wakila viwavi, wakiota ndoto za kakao. Aliwaahidi kakao kama ujira. Aliwasafirisha ndani ya makasha yaliyotobolewa matundu ya kupitisha hewa. Tangu hapo wanaishi ndani ya kiwanda na hawatoki. Wanajaribiwa dawa na vinywaji: mmoja alikunywa kinywaji cha gesi kinachoinua, akapaa angani na hakuonekana tena. Wanafanya kazi, wanacheka, wanaimba. Hakuna hata mmoja mwenye jina.

Lawama zilianza kusikika Marekani. Filamu ya kwanza ilipoandaliwa, chama cha NAACP kinachotetea haki za watu weusi kilipinga sura hiyo ya Waafrika, na katika filamu iliyotoka mwaka 1971 akina Oompa-Loompa wakawa watu wa rangi ya chungwa wenye nywele za kijani. Mwaka 1973 likatoka toleo jipya la kitabu. Hapo ndipo ngozi ilipogeuka nyeupe na nywele zikawa za dhahabu, na Afrika ikawa nchi ya kubuni iitwayo Loompaland. Ndiyo nakala aliyoisoma mwalimu wetu.

Lakini kilichobadilika ni rangi na anwani tu. Makasha yenye matundu yamebaki. Ujira wa kakao umebaki. Kutotoka nje kumebaki. Yule mzee aliyepaa bado anapaa. Hawakupewa majina. Mtu aliyeshika brashi aliona kwamba kuna ubaya mahali fulani, akadhani ubaya uko kwenye ngozi. Kumbe ngozi ndiyo iliyokuwa ushahidi. Msomaji wa toleo la kwanza alikuwa na uwezo wa kuuliza: hawa waliopakiwa melini kwenda kufanya kazi Ulaya bila mshahara wa fedha, nimewahi kusikia habari zao wapi? Msomaji wa toleo la pili anaona vibonge wa ajabu wenye furaha. Utumwa haukuondolewa katika hadithi, ulifichwa usitambulike.

Nasema haya nikijua mwandishi hakuwa mgeni na watu weusi. Dahl alifika Tanganyika mwaka 1938 kama mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell, akaishi Dar es Salaam, akajifunza Kiswahili, lugha hii ninayomhakikia. Mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Katika kumbukumbu zake, Going Solo, zilizotoka mwaka 1986, anamweleza kijana aliyemtumikia nyumbani, Mdisho, Mnyamwezi. Mdisho ana jina na kabila, ana hasira, ana maoni yake juu ya vita, na wanazungumza. Bila shaka ni picha ya bwana akimkumbuka mtumishi wake, na tuisome kwa tahadhari. Lakini inathibitisha jambo moja: Dahl alijua kwamba Mwafrika anayemfanyia kazi Mzungu ana jina. Alipoandika kumbukumbu alilitaja. Alipoandika riwaya ya watoto, aliandika umati.

Kwa hiyo kosa la 1964 halikuwa kuweka watu wafupi weusi kitabuni. Watu hao wapo. Ni Watwa wa kwetu Kisoro, wa Rwanda na Burundi. Ni Wambuti wa Ituri huko Kongo. Kosa lilikuwa kuwaweka bila jina, bila neno lao nje ya wimbo, bila nia yao nje ya kakao. Na marekebisho ya 1973 hayakugusa hata moja kati ya hayo. Kumpa mtu jina kunataka kuandika upya: ukimpa jina itabidi umpe mama, ukimpa mama itabidi aulize mwanawe amepelekwa wapi ndani ya kasha. Hadithi nzima ingelazimika kubadilika. Kupaka rangi ni maneno machache.

Hata lugha yetu haijatoka salama hapa. Neno mbilikimo, tunaloliandika katika insha bila kusita, linampima mtu kimo kabla ya kumuuliza anaitwa nani. Nimelitumia juu kwa sababu ndilo linaloeleza walivyoitwa kitabuni. Sitalitumia tena.

Hoja ya upande wa pili

Najua jibu ambalo msomaji wangu analo, kwa sababu nami ninalo. Kama boksi lile lingekuwa na nakala mpya peke yake, mwenzetu asingeitwa Oompa-Loompa. Ni kweli. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko jingine lolote katika makala hii. Kwa mtoto aliyeketi darasani, toleo la 1973 ni bora kuliko la 1964, na mwalimu aliyekipeleka kitabu ofisini alifanya alichoweza kwa dakika aliyokuwa nayo. Mhakiki anayedai maandishi ya kwanza yarudishwe darasani kwa jina la uhalisi wa mswada hajawahi kuwa mtoto pekee wa aina yake katika darasa la watoto sabini.

Ila swali halikuishia hapo. Nakala mpya isingemtukana, lakini ingempa nini? Asingejiona popote. Nasi ambao tulikuwa tumerithi dharau dhidi ya Watwa kutoka kwa wazazi wetu, kabla hatujaweza kusoma Kiingereza, tusingeulizwa chochote. Kitabu hakikutufundisha kumdharau. Kilitupa jina jipya la kuitia dharau ya zamani. Kikisafishwa, dharau inabaki ikitafuta jina lingine, na kwetu majina hayakosekani.

Watwa wa Kisoro walitolewa katika misitu ya Mgahinga na Bwindi mwaka 1991 ilipofanywa hifadhi za taifa, na wengi wao hawakupewa ardhi. Kutolewa msituni na kutolewa kitabuni si mambo ya uzito mmoja, na sitaki kuyalinganisha kwa ajili ya kupamba sentensi. Nayaweka karibu kwa sababu moja tu. Katika yote mawili uamuzi ulitajwa kuwa ni wa kulinda kitu chema, na katika yote mawili hakuna aliyewauliza wenyewe.

Mwaka 2023 vitabu vya Dahl vilifanyiwa mabadiliko tena Uingereza. Augustus si mnene tena, ni mkubwa sana. Akina Oompa-Loompa si wanaume wadogo tena, ni watu wadogo. Kelele zikawa nyingi, na mchapishaji akatangaza kwamba maandishi ya awali yataendelea kupatikana pia. Waliobishana wengi walibishania kama maneno yaguswe au yasiguswe. Kwangu hilo ni swali la brashi. Swali la kalamu ni lingine: ni nani ambaye angeweza kuwa mtu kamili katika hadithi hii, na nani alimzuia?

Mswada wangu

Ningeweza kuishia hapo, nikiwa nimemhukumu mwandishi aliyefariki mwaka 1990. Lakini mwaka jana, katika kozi ya uandishi wa kubuni, kila mmoja wetu alitakiwa kuandika hadithi ndefu ya watoto kwa Kiswahili. Yangu ilihusu watoto wanne wanaobeba viazi kutoka kijijini hadi soko la mpakani Bunagana, mahali ambapo mimi mwenyewe nilijifunza Kiswahili kwa wafanyabiashara wa Kongo kabla sijakisoma darasani. Mmoja wa watoto wale alikuwa Mtwa. Tulibadilishana miswada ili tuhakikiane. Mwenzangu aliyesoma wangu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: mtoe huyu, watu watauliza kwa nini umemweka.

Nilikasirika. Nilikuwa nimekwisha kusoma habari za wakala wa Dahl, na sentensi ile niliitambua papo hapo. Nikajiandaa kumjibu kwa hotuba nzima. Kabla ya kumjibu nikausoma tena mswada wangu, safari hii nikimfuata mtoto yule peke yake, kila alipotokea. Alibeba mzigo mzito kuliko wote. Alipiga ngoma. Alilia mara moja. Alishukuru mara tatu. Wenzake watatu walikuwa na majina. Yeye nilikuwa nikimwita yule mtoto wa Kitwa, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Mwenzangu alikuwa ametoa sababu mbaya, lakini alikuwa ameona shimo la kweli. Mtoto yule alistahili mkasi wa fundi, kwa sababu hadithi haikumhitaji. Mimi ndiye nilimhitaji, awe ushahidi wa wema wangu. Nilikuwa nimeandika Oompa-Loompa wangu, kwa nia njema, kwa Kiswahili sanifu.

Sikumtoa. Nilianza upya. Sasa ana jina, na jina hilo si la yule mwenzangu wa darasa la sita. Lile ni lake, wala si haki yangu kulitumia mara ya pili. Ana bibi anayemgombeza. Ni mbishi, anajua hesabu kuliko wenzake, na sokoni ndiye anayegundua kwamba mchuuzi amewapunja. Anawaficha wenzake habari hiyo kwa muda, kwa sababu anataka kwanza wamwombe radhi kwa jambo walilomtendea njiani. Si mtoto mwema sana. Mhadhiri wetu atasema kama hadithi imekaa vizuri.

Nilimrudishia mwenzangu mswada mpya. Aliusoma usiku mmoja, akaniuliza swali moja tu pembeni ya ukurasa, kwa kalamu ileile nyekundu: walimtendea nini njiani? Ndiyo sura ninayoiandika sasa.